Kanuni Zangu Zote Zimekuwa Moja

Jumamosi jioni, Vwawa. Imenyesha tangu asubuhi na sina hamu hata ya chai.

Mvua hii ndiyo niliyomwambia baba kwamba bado.

Baba analima kahawa Igamba. Wiki hii mvua ilikatika, akataka kupulizia dawa buni changa kabla mvua haijarudi, maana ikirudi huja na chulebuni, ule ugonjwa unaozigeuza nyeusi zikiwa bado mtini. Kila asubuhi alinipigia. "Mwanangu, mashine yako imesemaje?" Nami nikajibu, "Bado, baba." Akaendelea kupalilia mahindi.

Mashine yenyewe ni programu niliyoiandika. Inazalisha kanuni za kutabiri mvua: zinazopatia zinazaa nyingine, zinazokosea zinakufa. Nilianza na mchanganyiko mzuri. Kuna zilizotazama upepo, kuna zilizotazama unyevu, kuna za ukungu wa alfajiri. Zilipofika mahali zote zikawa zinakubaliana, nilifurahi sana. Nilidhani nimeupata ukweli.

Kumbe zote ni watoto wa mmoja.

Leo nimemfungua huyo mzazi wao nikamsoma. Anasema tu kwamba kesho itakuwa kama leo. Siku nyingi anapatia, ndiyo maana akawamaliza wenzake. Za upepo hakuna tena, za ukungu hakuna.

Nimeshinda nikihangaika. Nimeingiza kanuni ngeni, zikafa kabla hazijajifunza chochote. Nikazigawa makundi mawili, moja nikaliita Tunduma na jingine Nakonde, kama ile miji miwili ya mpakani, katikati nikaweka mpaka wa kuvuka chache tu ili kila upande ukue kivyake. Ikavuka kanuni ile ile ya kesho kama leo. Vizazi vichache baadaye Nakonde nzima ina sura yake. Nimechoka, na sioni pengine pa kujaribu.

Jioni baba amepiga tena. Hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

"Sasa hivi nikipulizia itaoshwa tu," amesema. "Kesho je, mashine inasemaje?"

Nimeiwasha akiwa bado kwenye simu. Kanuni zote, bila hata moja kupinga, zinasema kesho itanyesha. Kwa sababu leo imenyesha.

"Sijui, baba."

Amesema haidhuru, atanipigia asubuhi, pengine mashine itakuwa imeshajua.