Mtihani kwa Saa za Kinshasa

Papa Murhula,

Nakuandikia kwa Kiswahili changu, si chako, na najua unacheka. Miaka yote tuliyoishi pamoja nilisahihisha sentensi zako, nawe hukukubali kubadilisha hata moja. "Weye sema muzuri," ulikuwa ukiniambia, "miye nitaendesha muzuri, tutafika." Basi leo nasema vizuri peke yangu, na lori lako la njia ya Bunyakiri liliuzwa zamani.

Nina habari moja ya kukupa, lakini sitaanza na mwisho wake. Mwanafunzi aliyeanza insha kwa kuieleza hatima nilikuwa nikimrudisha mwanzo, na kanuni hiyo sijaibadilisha.

Paa la jikoni limezibwa. Mbwa wa jirani bado anakuja asubuhi kukutafuta, anatazama, kisha anakwenda zake. Murhula wetu alirudi kazini Kisangani baada ya mazishi. Ananipigia simu kila Jumapili baada ya misa, na haniulizi tena kama nimekula. Ananiuliza nimekula nini, kwa sababu amekwisha kujua namna mama yake anavyojibu.

Unakumbuka siku tuliyojiandikisha chuo kikuu? Nasema tuliyojiandikisha, ingawa jina kwenye fomu lilikuwa langu tu. Ni wewe uliyesikia redioni kwamba walimu wenye diploma ndogo kama mimi wanaweza kumalizia digrii yao kwa masomo ya mbali, somo moja moja, kila somo na krediti zake, mpaka hesabu itimie. Nilikujibu kwamba mwanamke mwenye wajukuu harudi kukaa kwenye benchi. Ukasema, "Hakuna banc, Mwalimu. Ni machine tu. Utasoma mu kitanda yako." Na nilipotafuta sababu nyingine ukaongeza, "Masomo haiishake." Nikasahihisha kitenzi: hayaishi. Kesho yake nikajiandikisha.

Meza ya kompyuta, ile uliyoiita machine, tuliiweka karibu na dirisha linaloangalia Rusizi, kwa sababu hapo simu ilishika mtandao wa ng'ambo, wa Rwanda, vizuri kuliko wetu. Sheria ya mitihani ilikuwa wazi: mtahiniwa awe peke yake chumbani, kamera iwake msimamizi amwone, asiseme na mtu. Ndipo wewe ukaanza kukaa nje, kwenye lile jiwe la mlangoni. Kila aliyepanda ngazi alikutana nawe kwanza. "Mwalimu iko mu examen. Mutarudiya mangaribi." Hata padri ulimrudisha. Nilikuwa nasikia yote. Mara nyingi nilitabasamu mbele ya kamera, jambo ambalo sheria haikuliruhusu wala kulikataza.

Ulipofariki lilikuwa limebaki somo moja, la upimaji wa wanafunzi. Chuo kilikuwa tayari kuniahirishia mwaka mzima. Murhula naye alitaka hivyo. Nilikataa. Hukukaa juu ya jiwe asubuhi zote zile ili mimi niishie kwenye ngazi ya mwisho kabla ya mlango.

Sasa nitakueleza kilichotokea, nawe uniambie kama ungeweza kukizuia. Mimi nadhani ungeweza.

Unajua desturi yetu. Mfiwa haachwi peke yake. Akina mama wa shirika letu, wale tunaosali nao kila juma, walikuwa wakija kila asubuhi na chakula, na Mama Faida mbele yao, kwa ile sauti yake isiyohitaji kengele. Niliwaomba siku ya mtihani waje saa nne, kwa kuwa mtihani ulikuwa wa saa mbili hadi saa nne. Walinung'unika. "Mufiwa na vitabu, hiyo si kampani," alisema Mama Faida. Lakini walikubali.

Mitihani yote iliyotangulia ilisimamiwa kutoka hapa mjini Bukavu, na saa zake zilikuwa saa zetu. Huu wa mwisho ulisimamiwa kutoka Kinshasa. Saa mbili nilikuwa mezani, nimevaa vizuri, nimefunga kitambaa cheusi kichwani, na mashine ikaniambia kwamba mtihani haujafunguliwa. Nikangoja. Ulipofunguliwa ilikuwa saa tatu kamili, na hapo ndipo nilipoelewa. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Nimewafundisha watoto jambo hilo kwenye ramani kwa miaka mingi, Papa Murhula. Simu ndiyo iliyokuwa ikilisha mashine mtandao, na kuigusa kulikatazwa. Sikuweza kumwambia mtu.

Saa nne wakafika. Kwenye nyumba ya kilio hakuna anayebisha hodi. Mtu anaingia, anakaa, ndipo anasalimia. Na juu ya jiwe hapakuwa na mtu.

Walinikuta peke yangu, nimeukabili mwanga wa mashine, siwatazami. Mama Faida alinisalimia. Sikujibu, kwa kuwa sheria ilinikataza. Akanisalimia tena, kwa jina langu la ubatizo. Nikaendelea kuandika. Akafikia uamuzi ambao hata mimi ningeufikia kama ningekuwa yeye. "Jamani, kilio kimemupanda mu kichwa! Bamama, muombe!" Mmoja akanishika mikono. Mwingine akanivua miwani ili anifute machozi, na macho yangu yalikuwa makavu kabisa. Salamu Maria ikaanza, kwa sauti tatu tofauti.

Kisha Mama Faida akaona uso wa msimamizi wa Kinshasa kwenye kioo cha mashine, kijana mwenye tai, ametoa macho. Akadhani ni mtu wa ukoo aliyepiga simu. "Na weye, uko mutoto wa nani? Unaona mama iko mu kilio, na unabaki kumuangalia tu mu machine? Hauna aibu? Panda ndege ukuye!"

Kijana akasema, "Pole sana, mama," na nadhani Kiswahili chake kiliishia hapo, kwa sababu mengine aliyasema kwa Kifaransa. Alisema ameelewa. Alisema ataandika kwamba mtandao ulikatika, kwa maana huko Kinshasa watu wanaamini lolote juu ya mtandao wa Bukavu.

Nilivaa miwani yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, andika ulichokiona."

Usinilaumu. Najua ungesema, "Mwalimu, acha kijana akusaidie." Lakini nimewanyang'anya karatasi za mtihani watoto waliolia mbele yangu, na mmoja wao alikuwa Murhula. Sheria niliyowawekea wao siwezi kuivua kama koti siku inaponibana mimi. Aliandika. Mtihani ukafutwa.

Sikulia kaburini, na watu walilisema jambo hilo. Nililia siku ile, mashine ikiwa imezimwa, akina mama wamenizunguka. Nililia mpaka sauti ikaniisha. Nilikuwa nikilitaja jiwe, na hakuna aliyeelewa ni jiwe gani. Mama Faida akanipapasa mgongo na kusema, "Voilà. Sasa iko muzuri." Hakujua bado alichokifanya. Alipokuja kuelezwa alisimama wima, akaomba apewe namba ya yule kijana ili amweleze vizuri ni nani mwenye makosa. Hatukumpa.

Ilibaki nafasi moja, kipindi cha pili cha mitihani. Kama ningeanguka hapo, somo lingenirudisha mwaka mwingine, na sikuwa na hakika kwamba ningekuwa na moyo wa mwaka mwingine. Akina mama wakafanya baraza sebuleni kwetu. Desturi ilisema nisiwe peke yangu, na chuo kilisema niwe peke yangu. Mama Faida ndiye aliyehukumu. "Ukuta si kitu. Yeye atakuwa mu nyumba, sisi tutakuwa inje ku dirisha. Mungu anajua tuko pamoja."

Walikuja mapema, wakaniuliza mara kadhaa kama hii ni saa ya kwetu au ya Kinshasa. Mvua ikanyesha, ile mvua yetu isiyoomba ruhusa. Hawakuondoka. Walijipanga chini ya ukingo wa paa, vitenge vimefunika vichwa, na sikusikia neno hata moja, wala kikohozi. Mama Faida akinyamaza saa mbili nzima! Ungelipa kiingilio kuona jambo hilo.

Ndani nilikuwa peke yangu kwa mara ya pili tu tangu tulipokuzika. Nilitazama koti lako ukutani. Nilitazama maswali. Nikaandika mpaka mwisho.

Nimefaulu. Nimepata kumi na tatu juu ya ishirini, na krediti zimetimia. Ni haki, ingawa mimi ningejipa kumi na mbili, kwa sababu swali la tatu nililijibu kwa pupa. Tumemaliza, Papa Murhula.

Kilio nacho kimetolewa, matanga yamekwisha. Misa imesomwa, nguo nyeusi nimezivua, na akina mama sasa wanakuja Alhamisi tu. Chuo kimeniandikia kuhusu masomo ya ngazi inayofuata. Murhula anataka nijiandikishe upesi. "Maman, unaweza," ananiambia. Mtoto mwema. Anaziogopa asubuhi zangu za peke yangu.

Mimi pia naziogopa, na ndiyo sababu nimemjibu kwamba mwaka huu hapana. Nikijiandikisha sasa, nitakuwa natafuta pa kujificha. Nakuahidi hivi: nitaizoea kwanza nyumba hii kama ilivyo. Baadaye, kama kutakuwa na jambo ninalotamani kulijua, nitasoma, na nitasoma kwa sababu hiyo.

Kesho ni Jumatatu. Sina mtihani, sina mgeni. Nitachemsha chai ya mtu mmoja, na nitainywa nikiwa nimeketi, si nimesimama karibu na makaa kama ninavyofanya tangu ulipoondoka.

Pumzika, mume wangu.

Mwalimu wako