Karatasi ya Masharti

Dada yangu,

Salamu zangu zikufikie wewe, mama na wapwa zangu wawili. Natumaini kikohozi cha mama kimetulia, na kwamba yule mkubwa ameacha kutoroka shule, maana nami nilianza hivyo hivyo na unaona nilikofika. Mimi ni mzima, ila mgongo bado haujanisamehe. Shemeji anaendelea vizuri, kwa kiasi cha mtu aliyepoteza jicho.

Barua yako ilifika Jumatatu. Kwa kuwa shemeji bado amefungwa bandeji na jicho la pili linachoka upesi, aliniomba nimsomee. Nilisoma yote, hata pale ulipouliza inakuwaje mtu mwangalifu kama yeye aumizwe na kipande cha bati. Habari ya bati nilikuandikia mimi, dada, na haikuwa kweli. Kesho kutwa anakuja afisa wa mamlaka ya usafiri wa anga kuuliza maswali, na msimamizi wetu amekwisha kuandika kwamba kosa ni la shemeji. Likikubaliwa hilo, atafukuzwa kama mzembe na kampuni itaacha kumtibu. Ndiyo maana nakuandikia kabla ya siku hiyo.

Ilikuwa hivi. Kazi yetu hapa, kama ujuavyo, ni kuezeka magodauni na kuziba mapaa yanayovuja. Zamani mtu alipanda mwenyewe kutafuta matundu. Miezi minne iliyopita msimamizi alileta droni, kidege cha mapanga manne chenye kamera, kinachoongozwa kwa rimoti. Kilikuja na kurasa mbili za masharti kutoka kwa mamlaka. Msimamizi anacho cheti cha kukirusha, alikwenda kusomea wiki nzima, lakini jua halimpendi. Akanipa mimi rimoti, akasema cheti ni chake na vidole ni vyangu, tusigombane. Wenzangu huniita Profesa kwa sababu nilifika darasa la sita na wengi wao hawakufika. Walicheka, wakasema sasa Profesa amekuwa rubani, atafutiwe kofia.

Sikufichi, nilifurahi. Tangu mgongo uliposhtuka nikibeba mabati, kila asubuhi nilikuwa naomba jioni ifike. Sasa nilikaa kivulini juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasukuma vijiti viwili kwa vidole gumba.

Kabla hatujaanza, msimamizi aliniagiza niwasomee wenzangu masharti. Tulikaa kwenye rundo la mbao, nikasoma. Kidege kisajiliwe na namba yake ibandikwe ubavuni. Kisipande zaidi ya mita mia moja na ishirini. Anayekirusha asikipoteze machoni. Kisikaribie uwanja wa ndege, wala kisichungulie nyumba za watu. Hapo fundi mmoja mzee alisikitika, akasema basi raha yote ya kidege imekwisha. Sharti kwamba anayerusha awe na cheti chake mwenyewe nililisoma kwa sauti ya chini, na msimamizi akakohoa. Shemeji ndiye pekee aliyeuliza swali. Alitaka kujua kama karatasi inasema lolote kuhusu watu walio chini. Nikamjibu kwamba tuvae kofia ngumu, basi.

Siku yenyewe kulikuwa na upepo. Paa lililovuja lilikuwa ng'ambo ya ua, na ili nisikipoteze kidege machoni ilinibidi nizunguke uzio kwa miguu, mwendo wa robo saa kwa mgongo huu. Nikaona uvivu. Nikakipitisha moja kwa moja juu ya ua, ambako shemeji na wenzake wawili walikuwa wakipanga mabati. Upepo ukakisukuma kwenye waya wa taa, panga moja likakatika, kikaanza kuanguka huku kinazunguka. Nilimwita shemeji kwa nguvu ili akimbie. Yeye akainua uso kunitafuta. Kofia alikuwa ameivaa.

Gari la hospitali lilipoondoka, msimamizi alileta utepe mwekundu na mweupe, ule wa kuzuia watu, akaamuru ufungwe kuzunguka ua, kisha akaupiga picha. Taarifa yake inasema shemeji aliuvuka kwa ukaidi. Ncha moja ya utepe ule niliifunga mimi.

Shemeji ananitetea. Amewaambia wenzetu wasinilaumu, eti mtu wa darasa la sita ataijulia wapi lugha ya wanasheria. Msimamizi naye amenishauri kwamba afisa akinibana niseme hivyo hivyo, kwamba sikuelewa, nami nitahurumiwa. Wamenifungulia mlango mmoja wote wawili, na ni mpana, ningeweza kupita bila kuinama.

Dada, nilielewa. Sharti la saba liko ukurasa wa pili, mistari mitatu, maneno mepesi kuliko ya barua hii: kidege kisirushwe juu ya watu, na walio karibu wasogezwe kwanza umbali wa mita hamsini. Nililisoma kimya mara mbili nikiwa nimekaa pale kwenye mbao. Nikajua nikilitamka, kazi itakuwa inasimama kila mara ili watu wasogee, msimamizi atachoka, kidege kitarudi sandukuni, nami nitarudi kwenye mabati. Shemeji alipouliza lile swali, kidole changu kilikuwa juu ya mstari huo.

Kesho kutwa nitamwambia afisa hivi nilivyokwambia wewe, pamoja na habari ya utepe. Shemeji bado hajui. Nitamwambia kesho, ingawa sijui nitaanzia wapi. Huenda nikafungwa, huenda nikafukuzwa tu. Sikuombi unisamehe katika barua yako ijayo. Naomba jambo moja: mtume mdogo wetu aje amchukue shemeji, maana sidhani atataka kusafiri nami, na peke yake hawezi. Mwambie atembee upande wake wa kushoto, ndiko asikoona magari. Wakivuka barabara amshike mkono bila kumuuliza. Akiulizwa hukataa.

Mwamkie mama, na habari hii umpe kidogo kidogo. Wapwa zangu wabusu, lakini usiwaambie ni mimi niliyekutuma.

Ni mimi mdogo wako, uliyemkabidhi mumeo siku tuliyoondoka.