Chupa Zilizofunguliwa Mbele ya Macho Yako

Shemeji Anselmi,

Inatangazwa kwa ndugu, jamaa na marafiki wa Nyakarenzo, wa Kamembe, na wale waliobaki ng'ambo kule Bukavu, kwamba mshipi wa Papa Neema, uliokuwa ukifungwa kwenye tundu la mwisho tangu tuliporudi nchini, umerudi nyuma tundu moja. Suruali imebaki yatima na inapokea wageni nyumbani.

Lisome tangazo hili la mshipi wangu kwa ile sauti ya mtangazaji wa redio tuliyekuwa tukimwiga, kisha ucheke kile kicheko chako kilichoanzia tumboni. Ukimaliza, kaa. Kuna habari nyingine, nayo haichekeshi.

Wanasema Maman Rejina alikuua.

Unajua wanavyosema kwetu: hakuna aliyesema, ila kila mtu amesikia. Ulitoka kwake Jumapili, ulikuwa umekunywa chupa yake, ukaanguka kabla hujafika barabarani. Tukakubeba kwenye machela, na kesho yake ukatuacha. Basi, imetosha. Daktari alituambia ni sukari iliyopanda katika damu, lakini nani anamsikiliza daktari wakati jirani anaongea? Tangu tukuzike hakuna anayekwenda kwake kuomba moto. Kisimani wanampisha, na si kwa heshima. Yule mama, Shemeji, ambaye mume wake yuko gerezani kwa mambo ya vita na ambaye alingoja muda mrefu hivyo mtu akanyage kizingiti chake.

Wewe ndiye uliyekikanyaga wa kwanza.

Nakumbuka kambi za wakimbizi za ng'ambo zilipovunjika, watu wakarudi na magodoro kichwani. Sisi tuliokulia Kongo tulikuwa tumetangulia. Wengine hawakuwahi kuondoka, na walichokiona wanakijua wao. Kila mmoja alimwogopa mwenzake kwa sababu yake, na mizinga ya Bukavu ilikuwa bado inatikisa madirisha yetu. Kanisa likakuomba upite nyumba kwa nyumba, watu wakae pamoja tena. Ukanichukua mimi nikusindikize. Ulisema, "Mutu akikuona weye, hawezi ogopa kitu." Niliipokea kama sifa. Mpaka leo najitahidi kuipokea hivyo.

Na tulinywa nini? Maji ya mtungi wa jirani hakuna aliyethubutu, kwa kuhofia sumu. Pombe ya ndizi, ndiyo kabisa. Ilibaki soda, sukre kama tulivyoiita tangu Bukavu, kwa sababu ina kifuniko. Mwenye nyumba anaiweka mezani, wewe unaitazama, anaifungua mbele ya macho yako, pshh, na hapo mtu na mtu wanaanza kupumua. Ulinifundisha kunywa mpaka chini. "Ukibakisha nusu, umemuita mwenye nyumba mulozi." Hakuna mwenye friji huko milimani, tulizinywa moto kama chai, nyumba hii, nyumba ile, Jumapili baada ya Jumapili, hata katikati ya wiki palipokuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Amani ya Nyakarenzo, Shemeji, ilipita yote kooni mwako.

Nasi tukanenepa. Nani angelalamika? Tuliokumbuka njaa tulikiona kitambi kama bendera. Wanawake walikupigia kelele njiani: "Papa Anselmi, uko munene! Vita imeisha ndani ya tumbo yako!" Nawe ulilipigapiga kama mwenye ng'ombe wa maonyesho. Dada yako, mke wangu, naye aliniongezea kitambaa kwenye suruali zangu kwa fahari, na nilitembea nikidhani nimekuwa bwana mkubwa, kumbe nilikuwa natembea tu kwa shida.

Ni Dada Imakulata, muuguzi wa dispansari, aliyetuharibia sherehe. Unakumbuka alivyokushika mkono? "Papa Anselmi, unakula mara mbili kwa siku kama batu bote. Lakini unakunywa chakula ya mutu wa tatu." Wewe ukamcheka: "Maji haina mufupa, itaninenepesha na nini?" Akaeleza taratibu kwamba sukari iliyoyeyuka haishibishi kama muhogo, inapita bila kuaga, na tumbo halihesabu kuwa limekula, halafu mwili unaiweka akiba. Tukaitikia kwa vichwa. Tukatoka nje. Na wewe, mtu mwenye akili kuliko wote niliowajua, ukaacha bugari, ugali wetu.

Bugari, Shemeji! Ulikataa sahani kwa mke wako, ukapanda mlima na njaa, ukafika kwa watu ukazipokea zile chupa kwa furaha zaidi kuliko zamani. Kitambi kikabaki palepale kikitusikiliza. Kisha ikaja ile kiu isiyokwisha, na kidonda cha kidole kilichokataa kupona. Dada Imakulata akakwambia wazi: ni ugonjwa wa sukari, omba maji.

Hukucheka mara hiyo. Ulisema, nasikia hata sasa: "Mama akinipa maji yake nikaumwa, batasema yeye ni mulozi. Chupa inatulinda sisi bote wawili."

Ilikulinda na nini, Shemeji? Na yeye je?

Nilimuuliza Dada Imakulata kama ni sukre zilizokuua. Ni mtu mwaminifu, hakunipa jibu la mkato. Alisema ugonjwa huo una milango mingi, baba yako naye huenda alikuwa nao, lakini uzito ni mlango mpana, na chupa zile zilikuwa zinausukuma kila wiki. Kisha akanitazama kiunoni. Angesema ingekuwa afadhali.

Sasa nyumba zako ninapita mimi. Jumapili baada ya kumaliza matanga tulikwenda kwa Maman Rejina, mimi na Dada Imakulata. Watu walisimulia baadaye kwamba nilikwenda kama simba. Wewe sikudanganyi, kwa hiyo pokea ukweli.

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua wakijifanya wanapita. Chupa ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, na kifungulio kando yake. Nilikuwa nimekusudia kuinywa yote, watu waone. Nikanyoosha mkono. Nikakutana na macho ya Dada Imakulata. Nikamwogopa yule muuguzi, Shemeji, hiyo tu, mdomo ukasema wenyewe, "Maman, unipe maji." Kisha nikasikia nilichosema.

Aliyeshtuka zaidi ni Maman Rejina. Alishika mlango. "Hapana, Papa Neema. Kunywa ile iliyofungwa. Ukiumwa hata kichwa kesho, mimi nitaenda wapi?"

Nikamwambia, "Kichwa kikiniuma kesho, ni mahubiri ya leo." Hakuna aliyecheka, na mimi sikuwa nacheka.

Akaenda. Akarudi na kikombe cha plastiki cha kijani, maji ya mtungi wake, hayana kifuniko, hayana pshh. Tukapokezana, tukayamwaga kidogo kati yetu. Niliwaza sumu. Nakwambia wewe peke yako: baada ya yote uliyonifundisha, niliwaza sumu. Kisha nikawaza ulivyoshuka ule mlima, kiu imekushika, na mtungi huu ulikuwa nyuma yako hatua chache.

Nikanywa mpaka chini. Yalikuwa baridi, na yana harufu kidogo ya moshi. Nikaomba tena. Dada Imakulata akasema, "Na mimi." Mmoja wa waliojifanya wanapita akaingia uani, akasimama, akauliza kama maji bado yapo.

Maman Rejina akaketi. Sikuwa nimewahi kumwona ameketi mbele ya wageni.

Pumzika, Shemeji. Sitaziacha nyumba zako. Nitapita zote, na nitakunywa wanachokunywa wao wenyewe mtungini.

Mpaka chini, kama ulivyosema.

Papa Neema