Ulikwenda Kuzika, Kaka Abdurahman

Mwaka umetimia, kaka Abdurahman, tangu tukuteremshe kaburini hapa Msambweni. Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza, "Issa, umeamkaje? Na hilo koo lako la kelele za barazani limeamkaje?" Koo lipo, kaka. Wa kuliulizia ndiye hayupo.

Ulianza ukarani Matuga, ukapanda hadi ukawa afisa wa ubalozi. Lakini ukija likizo ulivaa kikoi chako ukaenda sokoni mwenyewe, na asubuhi nzima ikaishia njiani, kwa kuwa kila unayekutana naye lazima umuulize habari za nyumbani, za wagonjwa, mpaka za mbuzi. Mkeo Subira akikwambia, "Balozi, samaki ataoza nawe bado wasalimia." Ukimjibu, "Basi nao niwasalimie nusu?"

Mimi nduguyo niliishia darasa la sita, siasa nikajisomea magazetini. Siku niliyosimama barazani kuwatetea walionyang'anywa mashamba kule Diani, ulinisikiliza hadi mwisho, ukasema, "Yote kweli. Ila umemtukana chifu hujamwamkia."

Na kazi yako ilikuwa hiyo hiyo. Nchi mbili hizi zinazoitana ndugu zilipokosana, malori ya mahindi yakakwama Lungalunga na mawaziri wakarushiana maneno, wewe ulikuwa ng'ambo ya mpaka, katika ubalozi wetu, ukikaa meza moja na Bwana Chande, afisa wao, mtu wa Tanga. Kila kikao mlianza kwa kuulizana hali za wazazi. Wakubwa zako wakanung'unika kwamba unapoteza wakati. Malori yalipoanza kupita, hao hao ndio waliokuja mpakani kupigwa picha. Mimi sisahau.

Ugomvi ukarudi. Ikatoka amri kwamba afisa wetu yeyote asionekane kwenye shughuli ya wenyeji. Kabla wiki haijaisha, mama yake Chande akafariki. Ukanipigia simu.

"Nenda, kaka," nikakwambia. "Waache wabweke."

Ukanijibu, "Sikukupigia kuuliza, Issa. Nimetaka mtu wa nyumbani ajue kuwa nakwenda."

Ukaenda Tanga, ukatia udongo kaburini kama mtu yeyote. Mtu akakupiga picha kwa simu, picha ikafika kwa wakubwa, ukarudishwa nyumbani. Walisema umekosa nidhamu. Hawakukutuma popote tena. Ulimalizia utumishi Nairobi, katika chumba ambacho hata wa kumsalimia hukuwa naye, na hukulalamika. Nalalamika mimi, tena hapa gazetini mbele ya watu, ili wanao wasije wakaambiwa baba yao alikuwa mkaidi. Hukuisaliti nchi. Ulikwenda kuzika, na pwani hii kuzika hakuombewi ruhusa.

Ulipofariki, katika wale wakubwa hakuja hata mmoja. Nilikuwa nimeshajipanga, kaka. Nilikuwa na maneno ya kuwatolea pale pale makaburini. Kumbe Chande amekuja kwa basi kutoka Tanga, mzee sasa, anatembelea mkongojo. Akanishika mkono, akauliza, "Issa, hujambo? Watoto wa marehemu hawajambo? Na mama yao, amekula chochote?" Nikamjibu moja baada ya moja, na yale maneno yangu sikuyatoa. Akaulaza mkongojo wake chini, akashuka nami kaburini, tukakupokea mimi na yeye.

Siku hizi asubuhi napita njia yako ya sokoni. Nawauliza watu habari za nyumbani, nao wananitazama tu, wakingoja nianze matusi. Nikirudi, kile kibaraza chako tulichokalia wawili tangu ustaafu ni changu peke yangu. Subira hunitolea chai vikombe viwili, kisha hukumbuka, akakirudisha kimoja ndani.

Unakumbukwa na mkeo Subira, wanao Hanifa na Swabir, dada yetu Mwanapili wa Bongwe, rafiki yako Chande na familia yake huko Tanga, na mimi mdogo wako. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hututoki moyoni, wala hatutakuacha utoke.

Na tazama, nimeandika yote haya, salamu nimesahau tena.

Shikamoo, kaka.