Usije Masika

Kwa binti yangu Mwajabu, uliyeolewa Bagamoyo. Salamu nyingi, mimi ni mzima.

Uliuliza uje Miono miezi gani, nikakujibu usije masika, mto Wami hauvukiki, ngoja kipupwe. Hapa hakuna ajuaye mvua kama mimi. Hata jumbe huja kuniuliza.

Homa ilipomzidi mama yako alisema, "Baba Mwajabu, mwite mwanangu sasa. Watu wanavuka kila siku."

Nikamwambia, "Wewe mvua huijui." Sikukuandikia.

Mvua imekatika wakati uleule nilioutaja. Wami wavukika, upepo ni wa baridi, mihogo tele. Udongo wa kaburi lake nao umekauka.

Sikukosea, mwanangu. Njoo.

Ni mimi baba yako Rehani, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.