Mtaalamu wa ubongo alivyokataa chai ya mama mkubwa

Naima uko wapi? Weka kazi pembeni usome hii. Mimi hasira bado hazijaniisha.

Leo hapa Iringa parokiani tulikuwa na semina ya kiharusi. Kaja mtaalamu wa ubongo, suti imenyooka, kompyuta mezani. Saa nzima anatufundisha kwamba ubongo ukiumia sehemu moja unajifunza upya, unatafuta njia nyingine, ila sisi ndugu tuwe na subira. SUBIRA, Naima. Kaisema hadi nikaichoka.

Ikafika saa ya chai. Mama mkubwa Evarista unamjua, tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia hauna nguvu. Miezi minane amejifunza kila kitu kwa kushoto, kumenya viazi, kufunga kanga, hadi kusaini. Akampelekea mgeni kikombe mwenyewe, kwa huo huo wa kushoto.

Jamaa AKAKATAA. Mbele za watu! "Mama, nipe kwa mkono wa kulia, ndiyo heshima."

Mkono wa kulia! Mtaalamu wa ubongo huyo!

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkubwa wala hakununa. Akaweka kikombe mezani, kwa mkono wa kushoto akavishikisha kikombe vidole vya kulia kimoja kimoja, akakinyanyua polepole. Chai yote ikamwagikia kompyuta.

Jamaa akaruka, "Mama, angalia basi!"

Mama mkubwa akamjibu, "Subira, mwanangu. Ubongo unajifunza."