Kupumzika Bila Kuzaa

Balangdalalu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Mgongo unasemaje na baridi ya huko Daudi? Huku tu wazima, mtoto ameota meno mawili na ananing'ata nayo. Na wewe Kaka Bura unayemsomea Mama barua hii, shikamoo. Soma yote. Usiruke mstari, maana jibu la mara ya mwisho lilikuwa lako, siyo la Mama.

Mama, niliomba nije nilale kwako mwezi mmoja tu. Kaka akaniandikia: "Huku mwanamke analazwa ndani akiwa na kichanga. Wewe umezaa nini? Maneno ya kikundi?" Na ulikuwa unacheka ukiandika, Kaka, nakujua.

Basi sikia nilichochokea. Kikundi chetu cha akina mama kilimtetea mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Msimu mzima nimetembea na mtoto mgongoni, leo ofisi ya kijiji, kesho ya kata. Tukipita kilabuni wanaume wanapiga miluzi: "Haya, mabibi haki! Waume zenu wamekula nini?" Wa kwangu alijipikia uji, na hakufa. Shamba likarudi kwa mwenyewe. Wiki ile ile maziwa yangu yakakauka, nikaanguka pale kisimani na ndoo kichwani. Ndipo nikakuandikia.

Mwenyekiti wetu ni Mama Gidamis, Mbarbaig, mtu mzima. Nilimsomea jibu la Kaka. Alinifungua kanga ya kubebea mtoto, akanilaza kwake nyuma ya pazia kama mzazi, akaniletea uji wa samli. Wenzangu wakashika zamu ya maji na ya mtoto. Jirani akachungulia mlangoni.

"Kazaa tena huyu?"

"Kazaa shamba," Mama Gidamis akamjibu. "Una swali?"

Siku ya tatu nikasikia kuna mama mwingine kapigwa, nikainuka nifunge kanga niende. Mwenyekiti alinifokea, Mama, kama mtoto. "Ng'ombe akisimama kutwa hacheui. Asiyecheua hana maziwa. Huyo tutamwendea sisi. Lala!"

Nimelala. Mchana kweupe, bila aibu. Maziwa yamerudi.

Kwa hiyo Kaka, siombi tena kuja. Kaa na nyumba yako. Ila nyuma ya pazia lile nimekuwaza wewe, Mama. Umezaa saba, na siku zako zote za kulala mchana ni zile za uzazi wetu. Wa mwisho ni mimi, na leo mimi nina mtoto. Tangu unizae hujalala.

Njoo. Panda basi, shuka Katesh, mkwe wako atakupokea na baiskeli. Kitanda nimeshatandika. Ng'ombe atakamua Kaka, mikono anayo.

Nisalimie Bibi, na Mjomba wa mashine ya kusaga. Nisalimie na wifi yangu, mke wa Kaka. Mwambie akichoka, nafasi ipo.

Sasa Kaka, weka karatasi chini. Mwulize Mama, kwa sauti, wifi akisikia, kama anataka kuja. Halafu uniandikie alichosema yeye.

Ni mimi kitinda mimba wako, niliyelala nikapona,

Paskalina